Viyoyozi viwili, rimoti moja

Ni siku nyingi sijaandika, na leo naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mniwie radhi sauti ikipanda.

Wiki iliyopita rafiki yangu alinitumia tenda ya kujenga chumba cha seva, nimsaidie kuisoma. Kwenye ukurasa wa tatu kuna sentensi moja tu kuhusu stima na ubaridi: mitambo yote iwe na akiba ya N+1. Basi! Hakuna mstari unaosema nani ataijaribu hiyo akiba, lini, na kwa njia gani. Nikaifunga nikaenda kunywa chai. N+1 ya namna hiyo nimeiona kwa macho yangu, na nitawasimulia ilivyonitenda.

Ilikuwa Machi 2022, nikiwa na mwaka mmoja hivi kazini baada ya kumaliza shahada ya sayansi ya kompyuta. Kampuni iliyoniajiri, jina nalihifadhi, ilikuwa na mfumo wa rekodi za wagonjwa uliotumiwa na zahanati kadhaa za Pwani. Seva zetu zilikaa Mombasa, kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha. Wateja tuliwaambia kwa kifua mbele: tuna UPS, tuna jenereta, tuna viyoyozi viwili ilhali kimoja kinatosha. N+1 kamili, na kwenye karatasi ilipendeza sana.

Jumamosi moja jioni stima ikapotea. UPS ikashika mzigo. Baada ya nusu dakika jenereta ikanguruma. Baada ya robo saa stima ikarudi. Seva hazikuhisi lolote. Ungekuwepo ungepiga makofi.

Lakini viyoyozi vilibaki kimya, vyote viwili. Vilikuwa vile vya kawaida vya nyumbani, ambavyo stima ikikatika hungoja mtu aje abonyeze rimoti. Na rimoti ilikuwa ndani ya droo ya meneja, droo ilikuwa na kufuli, na meneja alikuwa arusini Malindi.

Seva zikaendelea na kazi, na kila wati inayoingia kwenye seva hutoka ikiwa joto. Chumba kidogo kilichofungwa hakihitaji siku nzima kuwa tanuri, dakika chache zinatosha. Joto lilipopita kikomo, seva zikajizima moja baada ya nyingine, kama zilivyoundwa kufanya ili zisiungue.

Mimi nilikuwa nyumbani. Nilichoona ni mfumo umekatika. Na kwa kuwa Ijumaa nilikuwa nimeweka toleo jipya, nilijua kosa ni langu. Nilikesha nikisoma programu yangu mstari kwa mstari nikitafuta hitilafu ambayo haikuwepo. Asubuhi ya Jumapili nilipofika na soja akanifungulia mlango, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Diski mbili hazikuamka tena. Kurudisha data kulitupeleka hadi Jumatatu mchana.

Jumatatu asubuhi sista wa zahanati moja alinipigia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Mwanangu," akasema, "nina akina mama thelathini hapa na watoto wa chanjo. Nimdunge nani, na nimdunge nini?"

Waliokuja na kijitabu cha mama na mtoto walihudumiwa. Wanne hawakuwa nacho, akawaambia warudi wiki ile ile. Baadaye nilimuuliza kama walirudi. Wawili, akanijibu.

Hiyo ndiyo bei ya rimoti ndani ya droo. Sasa tuzungumze kitaalamu kidogo.

N ni idadi ya mitambo unayohitaji ili kazi iende. Ukihitaji viyoyozi vitatu ukaweka vinne, hiyo ni N+1. Ukiweka njia mbili kamili, kila moja ikiweza kubeba mzigo wote peke yake, hiyo ni 2N. Wauzaji wanaishia hapo. Kuna neno moja dogo wanalolimeza, nalo ndilo hesabu yote: kutotegemeana.

Chukua mashine ambayo ukiihitaji mara 100 itakuangusha mara 1. Weka mbili zisizotegemeana kabisa, na uwezekano wa zote kukuangusha kwa pamoja ni mara 1 katika 10,000. Raha! Lakini zining'inize zote mbili kwenye swichi moja ambayo nayo hukuangusha mara 1 katika 100, na umerudi ulikoanza, ukiwa umetumia pesa maradufu. Viyoyozi vyetu havikuwa viwili. Kilikuwa kimoja chenye maboksi mawili ukutani, kwa sababu kilichoviua ni kimoja.

Na usidhani ni sisi wanyonge tu. Agosti 2016 shirika la ndege la Delta la Marekani lilipata hitilafu ya umeme kwenye kituo chake cha data cha Atlanta. Akiba ilikuwepo. Ilipofika saa ya kuitumia, ikagunduliwa kwamba katika mitambo kama 7,000, takriban 300 haikuwa imeunganishwa na umeme wa akiba. Safari zaidi ya 2,000 zilifutwa kwa siku tatu, na kampuni ikasema hasara ni dola milioni 150. Hao 300 walikaa pale wakingojea siku yao, na pengine hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyewahi kuzima stima akaona nani anaanguka.

Ukiingia leo kwenye chumba cha seva cha ofisi yoyote, fanya jambo moja. Nenda nyuma ya seva yenye pawa saplai mbili, zishike nyaya zake mbili, uzifuate kwa vidole mpaka mwisho. Nimefanya hivyo mara nyingi, na si mara moja nimezikuta zote mbili zimechomekwa kwenye ekstensheni moja. Aliyenunua alilipia mbili. Aliyechomeka aliona tundu karibu.

Sasa linganisha na watu wa simu wa zamani, wale ambao sisi watoto wa kompyuta tunawaona wazee wa kizamani. Mitambo ya simu hutumia umeme wa moja kwa moja wa volti 48, upande hasi. Rektifaya hubadilisha umeme wa gridi, na betri zimeunganishwa papo hapo kwenye njia ile ile inayolisha mitambo. Umeme wa gridi ukikatika, hakuna swichi inayopaswa kuruka wala kompyuta inayopaswa kuamua. Betri imo njiani muda wote, inaendelea tu. Ndiyo maana simu ya waya ya nyumbani iliweza kulia hata mtaa mzima ukiwa gizani: ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, kupitia waya ule ule wa sauti. Na makabati yao hupewa njia mbili, A na B, zinazotoka mahali tofauti.

Kuhusu joto ndipo utakapowavulia kofia. Kiwango cha GR-63-CORE, kinachotumiwa na kampuni za simu za Marekani, kinataka mtambo ufanye kazi kwa kudumu kati ya nyuzi 5 na 40 za selsiasi, na kwa muda mfupi kati ya nyuzi 5 chini ya sifuri na 50 juu yake. Na muda mfupi nao wameupima: usizidi saa 96 mfululizo, wala siku 15 kwa mwaka. Soma tena hizo saa 96. Ni siku nne! Yaani walioandika kiwango walianza na wazo kwamba kiyoyozi kitakufa, tena mahali pa mbali, na fundi atachelewa. Wakataka mtambo uvumilie mpaka afike.

Seva ya kawaida ya ofisini kikomo chake mara nyingi ni nyuzi 35. Mombasa mwezi wa Machi hewa ya nje peke yake hukaribia hapo, hata kabla hujawasha mtambo wowote. Kwa hivyo kwenye chumba cha seva cha Pwani, kiyoyozi ni sehemu ya umeme. Stima bila ubaridi ni jiko. Nawashangaa wanaoweka seva kwenye UPS, kisha wanaacha kiyoyozi nje ya hesabu kama feni ya sebuleni.

Mtaniambia kuna viwango na vyeti siku hizi. Kweli vipo. Kuna TIA-942, uliotoka mwaka wa 2005. Kuna madaraja manne ya Uptime Institute, ambayo kila muuzaji huyataja: daraja la tatu linakuruhusu kufanyia matengenezo kifaa chochote bila kuzima seva, la nne linavumilia hitilafu yenyewe. Ni viwango vizuri na siwapigi vita. Lakini tuvisome! Uptime hutoa cheti cha michoro peke yake, na cheti tofauti cha jengo lililokwisha kujengwa na kujaribiwa. Cha kwanza ni cheti cha karatasi, na wenyewe wanalijua hilo: tangu 2014 cheti cha michoro huisha baada ya miaka 2. Halafu ubaridi usiokatika, yaani ule unaoendelea hata katika zile sekunde kabla jenereta haijashika, ni sharti la daraja la nne. Daraja la tatu halikuhakikishii hilo. Mtu akikuambia "sisi ni Tier III", muulize maswali mawili: cheti cha michoro au cha jengo? Na stima ikikatika, hewa ya baridi inakatika kwa muda gani? Tazama uso wake.

Hapa kwetu tulipata somo la bure, tukalipoteza. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta una jenereta. Sehemu ya uwanja ilikaa gizani hata hivyo, abiria wakiwa ndani, na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaomba msamaha akaeleza kwamba jenereta moja ilikataa kuwaka. Watu walikasirikia jenereta. Mimi naikasirikia kalenda. Jenereta inayokataa kuwaka usiku wa giza pengine ilianza kukataa siku nyingi kabla, ila hakuna aliyeiomba iwake ikiwa na mzigo wa kweli. Na kabla mwaka ule haujaisha, giza kubwa lilirudi tena Novemba na Desemba. Gridi yetu inatufanyia jaribio bila kutuuliza. Afadhali tujijaribu wenyewe kwanza, mchana, mafundi wakiwa wamesimama kando.

Najua majibu mtakayonipa, kwa sababu nimeshapewa yote.

La kwanza: "Hamia kwenye wingu, uachane na viyoyozi." Wingu lina paa, ndugu yangu, na juu ya paa kuna viyoyozi. Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilipitisha nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zake. Siku hiyo hiyo Google na Oracle walilazimika kuzima baadhi ya mitambo yao ya wingu London kwa sababu ubaridi ulishindwa. Google wenyewe walieleza kwamba mifumo kadhaa ya ubaridi, iliyokuwa akiba ya mwenzake, ilishindwa kwa pamoja. Ni kisa kile kile cha kutegemeana: adui alikuwa joto la nje, na vyote vilikuwa nje. Wingu linaweza kukupa jengo la pili katika mji mwingine, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini ni lazima wewe uliandikie programu yako na ulilipie. Halijitokezi kwa kuswali.

La pili: "Kujaribu ni hatari, unaweza kuangusha mfumo." Hili nalipa heshima, kwa kuwa ni kweli. Oktoba 2023 huko Singapore, kazi ya kuboresha mitambo ya ubaridi kwenye kituo cha data kilichohifadhi seva za benki za DBS na Citi ilikwenda mrama, joto likapanda, na miamala kama milioni 2.5 ikashindikana. Hakuna anayegusa mitambo bila hatari. Lakini tazama chaguo lako ni lipi hasa. Ukijaribu, unaweza kuanguka Jumapili saa tisa usiku, ukiwa umewajulisha wateja na mafundi wako wapo. Usipojaribu, utaanguka siku ambayo gridi imeichagua. Kuanguka kupo kote kuwili, kinachotofautiana ni nani anashika kalenda. Na anayeogopa kuzima swichi ameshakiri kwamba akiba yake haiamini. Basi aache kuiuza.

La tatu: "Ni gharama." Hili lina historia. Baada ya kimbunga Katrina cha 2005, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamuru mwaka wa 2007 kwamba minara ya simu iwe na akiba ya saa 8 na vituo vikuu saa 24. Kampuni zikaenda mahakamani, ofisi ya bajeti ya serikali ikaikataa, na sheria ile haikuanza kazi kamwe. Miaka ikapita, mioto ya msituni ikaja, na mwaka wa 2020 jimbo la California likaamuru saa 72 kwa maeneo yenye hatari kubwa ya moto. Usipoziba ufa utajenga ukuta: waliokataa kulipia saa 8 wamekuja kulipia 72.

Na sisi tuna zaidi ya kupoteza. Hapa mnara wa simu ukifa, kinachokufa si mazungumzo peke yake. Mama mboga wa kwenye steji hawezi kulipwa, bodaboda hawezi kulipwa, na zahanati haiwezi kuita ambulensi. Tumeifanya simu kuwa pochi yetu, kisha hatuulizi pochi hiyo ina betri ya saa ngapi. Na betri za minarani ni kisa kingine: za risasi na asidi, kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa nusu. Betri iliyoandikwa miaka 10 kwenye boksi, ukiiweka kwenye kabati la chuma juani Garissa, haitakupa miaka 10. Saa za akiba zilizoandikwa siku ya ufunguzi si saa za leo.

Kwa hivyo nataka nini? Mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji teknolojia mpya.

1. Kila tenda iandike jaribio. Kila miezi mitatu, swichi kuu izimwe kweli, mzigo wote ukiwepo, kwa muda wa kutosha joto lijionyeshe. Saa moja angalau. Kuwasha jenereta dakika tano bila mzigo ni kuipigia honi tu.

2. Ubaridi uhesabiwe pamoja na umeme, kwenye karatasi moja. Kiyoyozi kisichojiwasha chenyewe baada ya stima kurudi kisiingie chumba cha seva, hata kikiwa cha bure.

3. Kampuni za simu zitangaze, kaunti kwa kaunti, betri za minara zilidumu saa ngapi zilipojaribiwa mara ya mwisho. Si zilizoandikwa kwenye boksi. Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayotoa leseni, na ndiyo inayoweza kulidai hilo.

4. Hili ni letu, waandishi wenzangu wa programu. Tuache kusema "hiyo ni kazi ya watu wa stima." Nilikesha usiku mzima nikitafuta kosa kwenye programu, wakati kipima joto cha shilingi elfu chache chenye kutuma SMS kingenieleza kila kitu saa moja jioni. Programu yetu isome joto la seva, ipige kelele mapema, ijizime kwa adabu kabla diski hazijaungua, na kelele hiyo ipitie mtandao usiotegemea stima ile ile.

Mtakaosema nimetia chumvi, sawa. Nawapa kazi ndogo kabla hatujabishana. Kesho ukifika kazini muulize fundi wenu swali moja tu: "Mzee wangu, mara ya mwisho tulizima swichi kuu kwa makusudi ilikuwa lini?" Akikupa tarehe, mnunulie soda na umshukuru. Akicheka, basi hamna akiba. Mna mitambo ya ziada tu.

Sista yule bado hunipigia, siku hizi kwa salamu. Kila mara kabla hajakata huniuliza, nusu mzaha, "Na ile rimoti, mwanangu, iko wapi?"

Haiko tena. Viyoyozi vya sasa hujiwasha vyenyewe, na najua hivyo kwa sababu nimezima stima mwenyewe nikasimama pale, kijasho kikinitoka, mpaka nikavisikia vyote viwili vikianza.